Kuonja kwa Pamoja: Hisia na Ibada ya Jumuiya katika Historia ya Bhakti

Hekalu linapoadhimisha umri wake, waandishi wa kumbukumbu huanza na mambo yanayohesabika: jiwe la msingi liliwekwa lini, nani alichanga nini, ukumbi uliongezwa mwaka gani. Kumbukumbu hizo zina haki yake katika kitabu cha namna hii. Makala haya yanafuata historia nyingine, ambayo haikuchongwa ukutani: historia ya hisia ambazo watu huziingia kwa pamoja wanapokusanyika mbele ya Mungu. Kwa nini Wahindu huimba kwa kupokezana, huizunguka taa kwa ngoma, hutembea siku nyingi nyuma ya machela, na huwavika watoto wao mataji ya Rama na Krishna, ilhali wangeweza kuketi tu na kusikiliza? Swali hili limejibiwa kwa namna mbalimbali kwa muda wa karne 20. Na ndani ya majibu hayo umo mzozo mmoja mzito usioepukika: ni nani anayeruhusiwa kuingia katika duara.

Fundisho la ladha

Chimbuko la jibu limo katika Natyashastra, kitabu kikubwa cha sanaa ya maigizo, ngoma na muziki ambacho mapokeo yanakinasibisha na mwenye hekima Bharata. Wataalamu wengi wanakadiria kwamba kilikusanywa kati ya mwaka 200 kabla ya Kristo na mwaka 200 baada yake. Neno kuu la kitabu hicho ni rasa, na maana yake ya kawaida ni utomvu au ladha. Bharata analifafanua kwa mfano wa jikoni. Mpishi huchanganya viungo, mboga na sukari guru, na mlaji huonja ladha ambayo haikuwamo katika kiungo chochote peke yake. Kadhalika katika mchezo, maneno, miondoko, sauti na mavazi huchanganyika, na waliohudhuria wakaonja hisia. Bharata alitaja ladha nane: mapenzi, kicheko, huzuni, ghadhabu, ushujaa, hofu, kinyaa na mshangao. Wanazuoni waliomfuata wakaongeza ya tisa, utulivu.

Wanazuoni hao walitenga mambo mawili ambayo sisi kwa kawaida huyachanganya. Baba anayemlilia mwanawe aliyefariki yumo katika huzuni yake mwenyewe, nayo inamwelemea. Lakini watu waliokusanyika kumsikiliza Dasharatha akimlilia Rama anayekwenda msituni hulia pia, na hata hivyo huondoka wakiwa wamepanuka moyo, si kwa kuvunjika. Huzuni waliyoionja haikuwa ya mtu mmoja. Imevuliwa neno “yangu” na neno “yako”, ikawa ya kila aliyehudhuria.

Mwanazuoni aliyeliendeleza wazo hili kwa kina zaidi ni Abhinavagupta wa Kashmir, aliyeishi kuelekea mwaka 1000. Alimwita msikilizaji bora sahridaya, yaani mwenye moyo uleule. Katika Tantraloka, kitabu chake kikubwa cha dini, anaeleza jambo ambalo kila mhudhuriaji wa bhajani amelihisi hata kama hakuwahi kulitamka. Ufahamu wa binadamu, anasema, husinyaa kwa kuwa umegawanyika katika miili mbalimbali. Bali watu wanapokusanyika kwa wimbo au ngoma na wote wakazama, kila mmoja huwa kioo cha mwenzake, na furaha huongezeka kwa kurudishwa kutoka kioo hadi kioo. Kisha anatoa onyo. Akiwepo mmoja ambaye hakuzama, mkutano mzima hukwaruzika, kama mkono unaopita juu ya kitu chenye mashimo na vinundu. Kwake, mtazamaji aliyejitenga hakuwa mgeni asiye na madhara. Alikuwa pengo katika duara.

Ua wa Shrivasa

Karne tano baadaye fundisho hilo lilitoka katika vitabu vya wasomi likaingia barabarani. Chaitanya alizaliwa mwaka 1486 huko Navadvip, Bengali, mji uliosifika kwa walimu wa mantiki na Kisanskriti. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu kijana kabla bhakti, yaani upendo wa kujitoa kwa Mungu, haujamteka. Hapo mwanzo yeye na wenzake walikutana usiku katika ua wa nyumba ya Shrivasa, wakifunga mlango, na kuimba majina ya Krishna hadi alfajiri. Kiongozi hutoa na jamaa hupokea, matoazi hulia, mridanga, ngoma ya udongo yenye nyuso mbili, hushika mwendo. Hii ndiyo kirtani. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kufundishwa mpangilio wake, kwa maana nyimbo zetu nyingi huenda kwa kutoa na kupokea vivyo hivyo.

Wasifu wa Chaitanya uliotungwa na Vrindavandas na ule wa Krishnadas Kaviraja unasimulia kwamba majirani walinung’unika, na kwamba kadhi wa mji, akiwa mwakilishi wa utawala wa sultani, aliipiga marufuku kirtani, na mridanga mmoja ukavunjwa. Jibu la Chaitanya lilikuwa kuufungua mlango wa ua. Jioni moja aliwaita watu wa mji watoke na mienge, wakajipanga kwa makundi, kila kundi na waimbaji na wachezaji wake, wakapita mitaani wakiimba hadi nyumbani kwa kadhi.

Waandishi hao hawakuficha kilichotokea huko. Katika umati walikuwamo waliopandwa na hasira, wakaharibu nyumba na bustani ya kadhi. Hisia ile ile iliyowaunganisha ilikuwa imeanza kubadilika ladha, kutoka upendo kuwa ghadhabu. Kwa mujibu wa Krishnadas, Chaitanya aliketi mlangoni na kumwita kadhi kwa heshima. Wakazungumza kama jamaa: kadhi alikumbusha kwamba, kwa ujirani wa kijijini, babu yake Chaitanya mzaa mama alikuwa kama ami yake, na kwa hiyo yeye ni mjomba na Chaitanya ni mpwa. Mazungumzo yakaisha kwa amani, na kirtani haikuzuiwa tena. Miongoni mwa wafuasi wa karibu wa Chaitanya alikuwamo Haridasa, ambaye mapokeo yanasema alizaliwa katika nyumba ya Waislamu, na ambaye leo anaheshimiwa kuwa mwalimu wa kulitaja jina la Mungu.

Kuingia ndani ya kisa

Kazi ya kuyapanga mafunzo ya hisia hizo ilimwangukia Rupa Goswami, aliyekuwa afisa katika baraza la Sultani Husain Shah wa Bengali kabla ya kuiacha dunia ya vyeo na kuhamia Vrindavan. Mwaka 1541 alikamilisha Bhaktirasamritasindhu, na humo akalichukua fundisho la rasa na kulielekeza kwa Mungu. Alitaja njia tano kuu za kumpenda: utulivu, utumishi, urafiki, upendo wa mzazi, na upendo wa wapenzi. Mja hachagui wazo la kulifikiria. Anachagua nafasi ndani ya kisa. Anajifunza kuwa rafiki anayechunga ng’ombe pamoja na Krishna, au mama anayemngoja mtoto arudi jioni, mpaka hisia aliyoianza kwa kuigiza imezoeleka na kuwa yake.

Rupa alijua pia hatari ya njia hiyo. Vitabu vya kale vilikwisha kutaja dalili nane za mwili zinazofuatana na hisia kali, kama vile machozi, kutetemeka, kusisimkwa na sauti kukatika. Rupa akatahadharisha kwamba wapo watu wenye mioyo miepesi, au waliojizoeza, ambao hutoa machozi bila kuwa na kitu ndani. Kwa hiyo machozi peke yake hayakuwa ushahidi kwake. Alitaka kuona dalili zinazodumu baada ya wimbo: subira, kutopoteza wakati, na kutojiona.

Katika zama hizo hizo Vallabhacharya (1479–1531) na mwanawe Vitthalnath waliweka msingi wa njia iitwayo Pushtimarg, ambayo Wagujarati wengi wa Afrika Mashariki wameirithi. Hapo upendo wa mzazi ndio uliotangulizwa. Murti ya Krishna huamshwa asubuhi kwa wimbo wa saa ile, huogeshwa, huvikwa nguo za majira, hulishwa na kulazwa. Nyumba ya ibada huitwa haveli, yaani jumba la makazi, kwa sababu anayekaa humo ni mtoto wa nyumba. Mama anayekaanga vitafunio vya sikukuu ya Annakut hatazami kisa cha Yashoda kwa mbali. Kwa saa zile anaishi katika jiko la Yashoda.

Mji mzima kuwa jukwaa

Mfano mkubwa kuliko yote wa ibada ya namna hii uko Ramnagar, ng’ambo ya mto Ganga kutoka Banaras. Huko, tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19, chini ya ulezi wa watawala wa Banaras, Ramlila huchezwa kwa siku 31. Maneno yake yanatoka katika Ramcharitmanas, utenzi ambao Tulsidas alianza kuutunga mwaka 1574 kwa lugha ya watu wa kawaida, ili kisa cha Rama kisibaki mikononi mwa wanaojua Kisanskriti tu.

Ramnagar hakuna jukwaa moja. Mji wenyewe umegawanywa: hapa Ayodhya, pale Janakpur, na Lanka iko kwenye uwanja wa mbali. Rama akihamishwa msituni, watu humfuata kwa miguu. Vita vikianza, maelfu hutembea hadi Lanka. Hakuna vipaza sauti wala taa za umeme. Panawaka mienge na karabai, na waimbaji wa utenzi huketi wakiimba beti kwa zamu na wachezaji. Wahudhuriaji wengi huja na nakala zao za Tulsidas na kufuatisha kwa midomo. Wavulana wanaomwakilisha Rama, Sita na ndugu zao huitwa svarupa, yaani umbo lenyewe la Mungu. Wakivikwa taji, hubebwa mabegani na watu huwapigia magoti. Usiku unapofungwa kwa arati, mwanga hupandishwa na umati wote huitikia kwa sauti moja. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza Ramlila kuwa miongoni mwa hazina za urithi usioshikika wa binadamu.

Anayeitazama Ramlila kwa saa moja anaweza kuona mchezo wa polepole. Aliyetembea nayo mwezi mzima ana kumbukumbu ya miguu: vumbi la kumsindikiza Rama uhamishoni, na furaha ya usiku wa Bharat Milap, ndugu walipokumbatiana baada ya miaka 14 ya kisa na wiki kadhaa za mwendo wa msikilizaji mwenyewe.

Walioachwa nje

Hata hivyo, historia ya kweli haiwezi kuishia kwenye furaha hiyo. Wavulana wa Ramnagar huchaguliwa kutoka familia za Kibrahmani. Na kwa karne nyingi mamilioni ya Wahindu waliokuwa wakiitwa “wasioguswa” waliimba majina ya Mungu wakiwa nje ya mahekalu yake. Kama fundisho la Abhinavagupta ni kweli, kwamba aliyejitenga hulitia duara pengo, basi tuseme nini juu ya aliyetengwa kwa nguvu?

Huko Maharashtra, kila mwaka mahujaji wa Warkari hutembea kutoka Alandi na Dehu hadi Pandharpur kwa muda wa wiki tatu hivi, nyuma ya machela yanayobeba nyayo za watakatifu Dnyaneshwar na Tukaram. Njiani huimba, hula pamoja, na huinamiana bila kuuliza nani ni nani. Mmoja wa watakatifu wao wapendwao ni Chokhamela wa karne ya 14, wa jamii ya Mahar. Mashairi yake yaliimbwa na wote, lakini mwenyewe hakuruhusiwa kuvuka kizingiti cha hekalu la Vithoba. Kaburi lake liko mbele ya lango, chini ya ngazi. Kwa karne sita hivi mahujaji walipita hapo, wakaugusa ukumbusho wake kwa heshima, kisha wakaingia mahali ambapo watu wa ukoo wake hawakuweza kuingia.

Nyimbo peke yake hazikuufungua mlango huo. Mwaka 1936 mtawala wa Travancore, kusini mwa India, alitoa tangazo la kuwaruhusu Wahindu wote kuingia katika mahekalu ya dola yake. Mwaka 1947 mwalimu na mwandishi Sane Guruji alifunga kula mpaka hekalu la Pandharpur likubali kuwapokea waliokataliwa. Katiba ya India iliyoanza kutumika mwaka 1950 ikaufuta kisheria utaratibu wa “wasioguswa”. Mambo haya yalidai ujasiri, sheria na njaa ya mtu mmoja. Lakini waliyadai wakitumia ushahidi ambao bhakti yenyewe ilikuwa imeuweka: haiwezekani kulia kwa wimbo wa mtu na kumfungia mlango.

Gujarat ilikuwa na shahidi wake wa mapema zaidi. Narsinh Mehta wa Junagadh, mshairi wa karne ya 15, alizaliwa katika Brahmani wa Nagar, jamii iliyojihesabu juu ya nyingine. Mapokeo yanasimulia kwamba watu wa mtaa wa waliotengwa walimwomba aje kuwaimbia. Akaenda, akaketi katika nyua zao, akaimba nao usiku kucha. Asubuhi, jamii yake ikamtenga. Yeye hakutubu, na bhajani zake zikaendelea kuimbwa. Mmojawapo, Vaishnava Jana To, uliimbwa katika mikutano ya sala ya Mahatma Gandhi. Maudhui yake ni kumtambua mcha Mungu kwa jinsi anavyoyahisi maumivu ya mwingine. Kwa Narsinh, basi, hisia iliyoonjwa katika wimbo ilikuwa na wajibu nje ya wimbo.

Duara la taa lavuka bahari

Wafanyabiashara Wabhatia kutoka Kutch, ambao wengi wao walikuwa wafuasi wa Vallabhacharya, walifika Zanzibar na pepo za kaskazi zamani kabla ya reli. Katika karne ya 19 nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilishika forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi chini ya Sultani Sayyid Said. Reli iliyojengwa kutoka Mombasa kati ya mwaka 1896 na 1901 ilileta maelfu ya vibarua na mafundi, hasa kutoka Punjabi, na maduka yakafuata njia yake barani. Wengi wa watangulizi hao walikuja bila familia. Kirtani ya wanaume wachache katika chumba cha duka ilitosha kwa muda. Bali duara la garba lilihitaji mama, dada na binti, na kuonekana kwake katika miji yetu kulikuwa dalili kwamba watu hawa wamefanya makazi.

Jina garba linatokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya tumbo la uzazi. Katikati huwekwa chungu cha udongo chenye matundu, na ndani yake taa inayowaka: ndiyo ishara ya Mama wa ulimwengu na ya uhai uliofichwa mwilini. Kwa masiku tisa ya Navaratri wachezaji huizunguka wakipiga makofi mawili au matatu kwa mpigo, mwanzo polepole, kisha kwa kasi inayopanda. Taa haisogei, wanaosogea ni watu. Bibi na mjukuu huingia mstari mmoja, na asiyejua hatua hujifunza kwa kumfuata aliye mbele yake. Desemba 2023, katika kikao kilichofanyika Kasane, Botswana, UNESCO iliiandikisha garba ya Gujarat katika orodha ya urithi wa binadamu. Ikawa ngoma iliyokwisha kukaa Afrika kwa vizazi kadhaa imetambuliwa rasmi katika ardhi ya Afrika.

Katika miji mingi leo, ndani na nje ya India, chungu kimesogezwa pembeni. Mahali pake pamewekwa jukwaa, vipaza sauti na waimbaji wa kulipwa. Duara limegeuka kuwa umati unaoelekea upande mmoja, na wengi wameinua simu zao kunasa picha ya ngoma ambayo hawaichezi. Haifai kuwalaumu vijana kwa hilo. Kila zama zimekuwa na majaribu yake ya kuigeuza ibada kuwa tamasha, na waimbaji hodari wana nafasi yao. Lakini aliyesoma historia hii ataelewa kwa nini wazee wanasononeka. Wanachokikosa ni kile ambacho Bharata alikieleza kwa mfano wa chakula: hakuna anayeweza kukuonjea.

Mambo mawili yanajitokeza katika safari hii kutoka Kashmir hadi Navadvip, Ramnagar, Pandharpur, Junagadh na ufuko wetu. La kwanza ni kwamba aliyekuja anapaswa kushiriki, hata kwa sauti isiyo nzuri na kwa hatua zinazokosea. La pili ni kwamba anayetaka kushiriki hapaswi kuulizwa ukoo wake mlangoni. Jumuiya iliyoyashika yote mawili ilionja utamu. Iliyoshika la kwanza na kuliacha la pili ilibaki na kaburi la Chokhamela mbele ya lango lake.

Katika mwaka huu wa maadhimisho, basi, pamoja na kuwashukuru waliojenga kuta, tuwakumbuke waliozijaza sauti: waliotoa wimbo, na wale wengi zaidi, wasiotajwa popote, walioupokea. Na usiku wa kwanza wa Navaratri taa itakapowashwa, iwekwe katikati, na duara liachiwe nafasi ya kupanuka.